Wito Uliobaki Hewani

Viatu vilikuwa vimegeuka. Kitinda aliviona alipofungua mlango wa mbele ili akamwage maji ya kufulia nepi. Vyake, vya kaka yake na vya wifi yake, vyote vilikuwa vimepangwa mstari mmoja na kupigwa rangi vikang'aa, ila ncha zilielekea ndani. Ungedhani watu wasioonekana wamevivaa, wamesimama kizingitini wakichungulia sebuleni.

Katika nyumba hiyo, mpanga viatu alikuwa Baba peke yake. Na Baba walikuwa wamemzika wiki iliyopita.

"Wifi, ni wewe uliyepiga viatu rangi?"

"Mimi?" Wifi alicheka huko jikoni. "Vyangu mwenyewe vinanishinda, nitaviweza vya ukoo mzima?"

Kitinda akavigeuza haraka.

Ujanani Baba alikuwa askari. Aliporudi kutoka vitani akawa fundi viatu, na kwa nyundo na sindano, pale kibarazani, aliwalea wanawe hadi wakajitegemea. Mama yao alipopooza, alimbeba mgongoni kumpeleka bafuni kila siku ya Mungu, miaka na miaka, mpaka kifo kilipomchukua. Majirani wakimwonea huruma aliwacheka. "Nimebeba masanduku ya risasi, na hakuna hata moja lililosema asante. Huyu angalau hunisifu!"

Jambo moja tu hakulifanyia utani. Huko vitani kikosi chao kilihama gizani bila kuitana majina, na rafiki yake aliyejeruhiwa akasahauliwa porini. Tangu hapo Baba hakulala kabla ya kujua watu wake wote wapo. Kila jioni, baada ya chakula, alipanga viatu mlangoni ncha zikitazama nje, ili atakayelazimika kukimbia asipapase. Kisha aliita majina ya damu yake, kuanzia mkubwa hadi mdogo.

"Mlingoti!"

"Nipo!" Huyo ni kaka, mrefu mpaka huinama milangoni.

"Kitinda!"

"Nipo!" Huyo ni yeye, kitinda mimba wake.

Mwisho aliita, "Tone!" Hicho ni kichanga cha Kitinda, kilichozaliwa kidogo kama tone la maji, na mama mtu ndiye aliyekiitikia.

Jioni ya mwisho ya Baba, Tone alikuwa amelia kutwa kwa homa ya meno, na ndiyo kwanza amesinzia kifuani pa mama yake. Mlingoti aliitika kutoka uani, kisha yeye na mkewe wakaondoka kwenda zamu kiwandani. Baba akaita, "Kitinda!" Naye akanyamaza. Akiitika, mtoto ataamka. Alijiambia mzee atachoka, atalala.

"Kitinda! Kitinda, mwanangu!"

Sauti ikapungua, ikakatika.

Asubuhi alimkuta sakafuni, katikati ya kitanda na mlango, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alikuwa anakuja kumtafuta. Kitinda akamvua kile kiatu, akamnyanyua kwa shida hadi kitandani, akamfunika shuka, ndipo akampigia kaka yake simu.

"Baba amefariki usingizini, kaka."

Waombolezaji wakamsifu. Mzee amepata bahati, walisema, kufa mikononi mwa binti kama huyu.

Jioni ya siku ile ya viatu walikuwa bado mezani harufu ilipoanza. Kwanza ilikuwa ya rangi ya viatu, nzuri, ile waliyokua nayo. Kisha chini yake ikaja harufu nyingine, ya udongo mbichi na ya kitu kilichooza ndani ya maji, ikatambaa kutoka chumba cha Baba ambacho walikifunga kwa ufunguo, ikapita chini ya mlango, ikajaa sebule mpaka taa ikaonekana kufifia, na katika kimya hicho wakasikia kitanda kikilia, halafu nyayo zikiburuzwa sakafuni, mguu mmoja una kiatu na mwingine mtupu, zikaja taratibu hadi nyuma ya mlango, zikasimama.

"Kitinda."

Wifi alidondosha kijiko.

"Tone."

"Mbona mimi haniiti?" Mlingoti alinong'ona, jasho likimtiririka. "Siku zote ananianza mimi."

Kitinda alimbana mtoto kifuani. Yeye alijua. Sauti ile ilikuwa imeendelea kuanzia pale Baba alipoishia.

Kesho yake mchana wakamleta mganga, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi. Alipoingia sebuleni maneno yakamwishia. Akanusa hewa, akaketi.

"Huyo si baba yenu. Maiti hawarudi. Hili ni jini, limekuta wito umebaki hewani bila jibu, likapita humo na kuvaa sauti ya marehemu. Siku ya mwisho, nani aliitwa asiitike?"

Mlingoti na mkewe wakatazamana.

"Sikilizeni, wanangu. Aliyenyamaza aseme ukweli mbele yetu, kisha aitike, nami nitaufunga mlango. Asiposema, jini litamruka na kumchukua anayeitwa baada yake."

"Siku ile Baba alibaki na Kitinda," alisema Mlingoti. "Uliitika, mdogo wangu?"

Kitinda akafungua mdomo. Macho ya kaka yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Alikufa kwa amani," Mlingoti alimwambia mganga. "Ndiyo faraja pekee niliyobaki nayo."

"Niliitika," alisema Kitinda.

Mganga alimtazama, kisha akamtazama Tone.

"Haya. Nafunga kwa neno lako."

Akafukiza ubani, akanyunyiza maji pembe zote, akakemea kwa sauti iliyotikisa vikombe kabatini. Upepo wa baridi ukatoka chumbani, ukapita katikati yao, na mlango wa mbele ukajibamiza. Harufu ikatoweka. Nje, viatu vilitazama barabarani.

Jioni ile walikula kwa furaha. Mlingoti alimwigiza Baba akimkoromea mteja aliyeleta kiatu kisicho na soli akitaka kishonwe "kidogo tu." Wifi alicheka hadi akashika mbavu. Kitinda naye alicheka, na kila alipocheka aliona kile kiatu mkononi mwa Baba. Nitamwambia kaka, alijiapia. Nitamwambia kesho.

"Tone."

Sauti iliita kwa upole, kama babu anayebembeleza. Wengine walikuwa bado wanacheka, hawakusikia. Kitinda akamgeukia kaka yake, tayari kupiga kelele, tayari kusema yote.

Lakini Tone, ambaye hakuwa amewahi kutamka hata mama, aliinua kichwa kifuani pake, akatazama mlango wa chumba cha Baba, akatabasamu.

"Nipo," akasema.