Mbuzi Aliyehutubu

Kila Jumamosi asubuhi Muthoki aliteka maji, akafua sare yake ya shule, kisha akasambaza habari. Kazi hiyo ya mwisho hakutumwa na mtu, lakini ndiyo aliyoifanya kwa bidii kuliko zote. Ploti yao ya Baba Dogo, Nairobi, ilikuwa na vyumba vilivyotazamana, mfereji mmoja katikati, na foleni ya mitungi iliyoanza kabla jua halijafika kwenye mapaa ya viwanda. Aliyesimama katika foleni ile hadi mtungi wake ukajaa alijua nani kapata kibarua, nani kaachishwa kazi, na nani kapika nyama ilhali jana alisema hana kitu.

Nyumbani kwao watu hawakukosekana. Baba yake alikuwa dereva wa lori na alipenda kurudi na wageni. Mama yake naye, akimkaribisha mgeni mmoja, alikuwa ameshakaribisha na wa pili. Humo ndimo Muthoki alimojifunza adabu ya ploti: ukila cha mwenzako, kisifu. Chapati za Mama Nzivo wa chumba cha mwisho zilikuwa ngumu kama akala, vile viatu vya tairi vya soko la Kariokor, lakini kila aliyezila alisema ni tamu. Ukweli kuhusu chapati hizo ulisemwa mferejini, mwenyewe akiwa hayupo, na ulisemwa kwa vicheko. Hakuna aliyeona ubaya.

Rafiki yake Muthoki aliitwa Millicent. Alikaa ploti ya pili, ng'ambo ya ukuta. Wazazi wake walitoka upande wa Bungoma, na baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Wasichana hao walikuwa darasa la saba, dawati moja, na ukimwona mmoja njiani ulijua mwingine yuko nyuma anafunga kamba ya kiatu.

Jumamosi alasiri walikwenda pamoja kwenye ukumbi wa kanisa. Huko kulikuwa na kikundi cha hadithi kilichoongozwa na Anti Roseline, mpiga chapa wa ofisi ya kanisa. Ulikuwa mwaka wa 1998, na ofisi hiyo ilikuwa imepata kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu. Ilipokuwa ikiunganishwa ililia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha barua ikafika Kisumu kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Anti Roseline aliziita barua pepe. Kule Kisumu kulikuwa na kikundi kingine cha watoto, na mwandishi wao aliitwa Odero. Vikundi hivyo viwili vilikuwa vikitunga hadithi moja ya kutisha: Kisumu wanaandika sehemu, Baba Dogo wanaandika inayofuata.

Hadithi yenyewe ilimhusu mbuzi aliyenunuliwa soko la mbuzi la Kiamaiko, akaponyoka kabla ya kuchinjwa. Tangu hapo, watu wakiwa wamejifungia, walisikia kamba ikiburutwa nje ya mlango. Aliyefungua hakumwona mbuzi. Aliona kamba tu, nayo imelowa. Sehemu ya kwanza ilimfanya hata Simiyu, mvulana aliyejidai haogopi kitu, akatae kwenda msalani peke yake.

Kikundi kilikuwa na desturi yake. Kabla sehemu haijatumwa Kisumu, mwandishi alikaa kwenye kiti mbele ya wenzake, akaisoma, kisha akanyamaza. Kila msikilizaji alitaja mahali alipoogopa na mahali ambapo hofu ilimtoka. Mwandishi hakuruhusiwa kujibu hadi wote wamalize, kwa maana Anti Roseline aliamini kwamba anayejitetea hasikii.

Ikafika zamu ya Millicent. Katika sehemu yake, mbuzi aliingia katika chumba cha msichana aliyeitwa Kathini. Damu ilichuruzika ukutani, ikadondoka kutoka darini, ikajaa sufuria, ikaingia hata kwenye chai. Kisha mbuzi akasimama kwa miguu ya nyuma na kuhutubu ukurasa mzima kuhusu mateso ya mbuzi tangu enzi za mababu.

Muthoki alisikiliza huku akiuma mdomo asicheke. Alijua barabara mahali ambapo hofu ilimtoka. Ile kamba iliyolowa ilikuwa imesahauliwa kabisa, na badala yake kulikuwa na mbuzi anayezungumza kama chifu barazani. Simiyu alisema damu ilikuwa nyingi kidogo. Wengine walisema hiki na kile. Zamu ya Muthoki ilipofika, Millicent aliinua uso akamtazama, na ilikuwa wazi kwamba katika ukumbi wote ule neno alilolingoja ni hilo moja.

Muthoki aliyaona macho yale. Adabu ya ploti ikamjia mdomoni kabla ya ukweli.

"Mimi sikuona kosa," alisema. "Niliogopa mwanzo hadi mwisho."

Millicent akashusha pumzi na kutabasamu. Simiyu naye, aliposikia Muthoki amesifu, aliona heri akubaliane naye. Sehemu ile ikapigwa chapa na kutumwa Kisumu jinsi ilivyokuwa.

Jioni hiyo wasichana wa ploti ya Muthoki walikuwa mferejini, Millicent hayupo, na Mbithe wa chumba cha tatu akauliza hadithi ya mbuzi imefikia wapi. Muthoki alikusudia kueleza kwa ufupi. Lakini ulimi hauna mfupa, na hadhira iliyokaa vizuri humpa msimulizi kichaa. Aligeuza karai, akapanda juu yake, akajifunga taulo shingoni, akakohoa kidogo kama mheshimiwa. "Ndugu wananchi wa zizi hili," alianza, na hakuweza kufika mbali, kwa sababu watu walikuwa wameshikilia mbavu. Hata kina mama waliacha mitungi ikafurika. Wakamwomba arudie. Akarudia, na mara hii akaongeza ndevu.

Kabla ya Jumatatu mchezo ule ulikuwa umeruka ukuta. Shuleni, Millicent alipopita, mtu alilia kama mbuzi. Mwingine alimuuliza kama mbuzi wake atasimama udiwani. Millicent hakuelewa, akadhani wanamtania mtu mwingine. Ni Mbithe aliyemweleza, tena bila ubaya wowote, kwamba mchezo huo ni wa Muthoki na unachekesha sana, naye Millicent alikosa uhondo kwa kutokuwapo.

Wiki hiyo hakukaa na Muthoki kwenye dawati. Alimwambia mwalimu kwamba haoni ubao vizuri, akahamia mbele.

Jumamosi iliyofuata alifika ukumbini akakaa karibu na mlango. Jibu la Kisumu lilikuwa limewasili, na Anti Roseline alilisoma kwa sauti. Odero aliandika: "Dada Millicent, tuliogopa mbuzi alipokuwa bado mlangoni. Alipoanza kusema, hofu ilitutoka, kwa sababu kitu kinachojieleza hakitishi. Damu nayo imezidi. Tone moja kwenye chai lingetosha. Tafadhali jaribu tena, tunakungoja."

Wote walimgeukia Millicent wakitarajia machozi. Yeye aliomba penseli, akaiwekea alama karatasi yake mahali palipotajwa, akasema kwamba watu wa Kisumu wamesema kweli. Lakini kikao kilipokwisha alimwendea Anti Roseline akamweleza kwamba ataiandika upya sehemu ile, ailete, kisha ataacha kikundi. Sehemu ya mwisho, ambayo yeye na Muthoki walipangiwa kuiandika pamoja, apewe mtu mwingine. Alisema hayo Muthoki akiwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, na hakumtazama.

Muthoki alirudi nyumbani peke yake. Mama yake alikuwa na wageni, na kwa mara ya kwanza kelele zao zilimchosha. Hakuelewa. Mgeni wa mbali alikuwa amemkosoa Millicent waziwazi, naye akashukuru. Yeye alimsifu, na sasa alikuwa anapoteza rafiki.

Kesho yake, baada ya kanisa, alivuka kwenda ploti ya pili. Millicent alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, anachambua mboga ya mrenda. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Odero amekuambia maneno makali," Muthoki alisema. "Mbona yeye humkasirikii?"

"Odero aliniambia mimi." Mikono ya Millicent haikusimama. "Wewe ulinisifu mimi, ukweli ukaupeleka mferejini."

"Sikutaka kukuumiza mbele ya watu."

"Kwa hivyo ukaniumiza nikiwa sipo. Simiyu sikumjali, Muthoki. Nilikutazama wewe. Ungesema haitishi, ningeiandika upya siku ile ile, na Kisumu wasingeiona."

Muthoki akasema samahani. Millicent alitupa kando jani lililotobolewa na wadudu.

"Samahani hiyo unaniambia hapa mlangoni, tuko wawili," alisema. "Mbuzi ulimcheza mferejini."

Jumatatu jioni foleni ilikuwa ndefu. Mara tu Muthoki alipotua mtungi wake, wasichana walianza kumdai mbuzi, na mtu akamsogezea karai tayari limegeuzwa. Hakupanda. Aliwaambia kwamba mchezo umekwisha. Ni kweli sehemu ya Millicent ilikuwa na kasoro, lakini yeye aliulizwa usoni akasema uongo, kisha akaja kuwachekesha watu kwa ukweli ambao mwenyewe hakupewa. Kama kuna wa kuchekwa, alisema, basi ni yeye. Mbithe alinung'unika kwamba amewaharibia jioni, na msichana mmoja akacheka kweli, akimcheka yeye. Maji yaliendelea kutiririka. Muthoki alingoja zamu yake, akajaza mtungi, akaondoka bila kupeleka habari yoyote.

Jumamosi Millicent alileta sehemu yake mpya. Ilikuwa na tone moja la damu, na mbuzi hakusema neno. Alitaka kuiacha mezani aende zake, lakini Anti Roseline alimwomba akae asikilize, kwa sababu Muthoki alikuwa na sehemu ya kusoma. Ilikuwa sehemu ya kabla ya mwisho, kwa maana Kisumu walikuwa wamewaachia Baba Dogo wamalizie hadithi. Millicent akabaki.

Muthoki alikaa kwenye kiti akasoma. Kathini yuko ndani, anasikia kamba ikiburutwa, anadhani ni mdogo wake anayecheza. Mlango unafunguka. Hapo anaingia mama yake, halafu baba na wageni wawili, halafu jirani aliyekuja kuazima chumvi, na mwingine aliyeleta habari za harusi. Chai inapikwa. Kamba inaonekana chini ya meza wakati kikombe cha pili kinamiminwa.

Simiyu alisema sehemu hiyo imemfanya ajisikie njaa. Muthoki alibana viganja katikati ya magoti. Kisha ikawa zamu ya Millicent, na ukumbi ukatulia, maana wote walijua yaliyopita, na wengine walikuja siku hiyo kwa ajili ya hilo tu.

"Niliogopa pale alipodhani ni mdogo wake," Millicent alisema polepole. "Hofu ikanitoka mlango ulipofunguka. Nyumba umeijaza watu, na umewapikia chai. Hakuna wa kuogopa hapo. Watoe wote, Muthoki. Mwache Kathini peke yake."

Joto lilimpanda Muthoki hadi masikioni. Jibu alikuwa nalo: kwamba nyumba za watu ndivyo zilivyo, kwamba hata kwao ni hivyo kila siku. Mdomo ulishafunguka. Akaufunga. Katika kunyamaza huko alijaribu kuona chumba chao kikiwa kitupu, viti vyote bila mtu, na kitu kinaburutwa nje. Nywele za shingo zikamsimama. Ndipo alipotambua kwamba aliijaza nyumba ile watu kwa sababu mwenyewe aliogopa kumwacha Kathini ndani yake peke yake.

Wote walipomaliza, Anti Roseline alimruhusu ajibu.

"Asante," alisema. "Nitawatoa. Lakini sijui nianze na nani."

Millicent akavuta kiti chake hadi mezani. Alianza kumfuta jirani wa chumvi. Wakabishana kuhusu mama: Muthoki alitaka abaki, Millicent akasema mama ndiye wa kwanza kuondoa hofu, na baada ya kuvutana wakakubaliana asikike tu, yuko mbali, akiita jina la Kathini. Hakuna aliyezungumzia kuacha kikundi. Sehemu ya mwisho waliiandika wiki iliyofuata, wote wawili juu ya karatasi moja, wakikosoana kwa sauti hadi mama yake Millicent akawauliza kama wanapigana.

Jibu la Kisumu lilipokuja lilikuwa fupi. Odero aliuliza ni nani aliyewaza kumwacha msichana yule peke yake, kwa maana dada zake wamekataa kukaa nyumbani bila mtu. Muthoki alimnyoshea Millicent kidole, naye Millicent akamnyoshea Muthoki.

Anti Roseline aliikunja karatasi akawatazama wote.

"Mwenzako akitoka nyumbani rinda limechanika nyuma," alisema, "nawe ukamwambia amependeza, hujamtendea wema. Umempeleka kuchekwa, na wa kwanza kucheka utakuwa wewe. Rafiki humvuta kando akampa pini. Kumwambia mtu kasoro yake ana kwa ana ni heshima. Ukiisema hayupo, hata iwe kweli tupu, hayo ni masengenyo. Na wewe unayeambiwa, usikimbilie kujitetea. Sikiliza hadi mwisho, uchukue lililo la kweli, mengine uyaache hapo hapo."

Anti Roseline alitoa karatasi nyingine, mwanzo wa hadithi mpya kutoka Kisumu, akaiweka mbele ya wasichana wale wawili.

"Haya, someni," alisema. "Odero naye ana makosa, na anangoja kuambiwa."