Lavinia na Mzinga wa Nyuki

Sogeeni, sogeeni. Hii ni hadithi ya Uingereza, enzi za magari ya farasi na mishumaa.

Palikuwa na msichana mdogo aliyeitwa Lavinia. Aliishi katika nyumba kubwa kweli kweli. Vyumba vilikuwa vingi kuliko watu!

Mama yake Lavinia aliandaa dansi ya mavazi. Katika dansi hiyo, hakuna aliyeingia akiwa yeye mwenyewe. Kila mtu alivaa, akawa kitu kingine.

"Mimi nitakuwa mzinga wa nyuki," alisema Lavinia.

"Mzinga mzima?" akauliza Yaya Hesta, yaya wake.

"Mzima, Yaya. Pamoja na nyuki wake."

Basi Yaya Hesta akashona. Akapinda waya, akauvisha kitambaa, duara juu ya duara. Sindano ikamchoma kidole. "Aa!" akasema, kisha akaendelea kushona.

Mwishowe akashona nyuki. Kila nyuki alikaa kwenye ncha ya waya mwembamba.

Tiki-tiki-tiki! Nyuki wa kitambaa wakatikisika.

Jioni ya dansi ikafika. Yaya akamvalisha Lavinia ukumbini, nje ya chumba cha dansi. Juu kilitokeza kichwa. Chini ilitokeza miguu. Katikati, mzinga tu!

"Asante, Yaya," alisema Lavinia.

"Haya, kacheze, mwanangu."

Kwenye mlango wa chumba cha dansi alisimama Bwana Krispini. Kazi yake ilikuwa kuwatangaza wageni. Hakutaja majina yao, alitaja mavazi yao.

"Mnara wa Taa!" Bwana mmoja mrefu akapita, taa kichwani.

"Meli!" Shangazi akapita polepole. Meli ilikuwa juu ya nywele zake, na hakutaka izame.

"Alizeti!" Huyo alikuwa Babu. Petali za njano zilimzunguka uso mzima.

Babu akageuka, akamkonyeza Lavinia. "Dansi ya kwanza ni yetu, mjukuu wangu. Mkono kwa mkono."

Lavinia aliingoja sana dansi hiyo. Aliingoja kuliko keki.

"Mzinga wa Nyuki!" akatangaza Bwana Krispini.

Lavinia akaenda mbio.

Tiki-tiki-tiki! Nyuki wa kitambaa wakatikisika.

Kwap! Akakwama mlangoni.

Yaya Hesta alikuwa amempima Lavinia vizuri sana. Mlango hakuupima.

"Pita kiubavu!" akasema Shangazi.

Lakini mzinga ni duara. Hauna ubavu!

Babu akavuta. Bwana Krispini akasukuma. Hapana, haukupita. Yaya akavuta kwa nyuma. Po! Lavinia akarudi nje.

Ndani, fidla zikaanza. Tilili, tilili, tilili. Babu akanyoosha mkono. Lavinia naye akanyoosha wake. Mikono haikufikiana.

Yaya Hesta akatoa mkasi mfukoni. "Tuufumue," akasema.

"Usifumue, Yaya!" Machozi yakamlengalenga Lavinia. "Umeushona wewe. Sindano ilikuchoma. Afadhali nisicheze."

Yaya akapiga magoti mbele yake. "Niliushona ili ufurahi, mwanangu. Je, unafurahi?"

Lavinia akatikisa kichwa. Hakufurahi hata kidogo.

"Basi nyuzi ni nyuzi tu. Simama wima."

Kacha, kacha, kacha! Mkasi ukakata. Mzinga ukafunguka, na Lavinia akatoka ndani yake. Alikuwa na gauni lake dogo la ndani, la njano.

Lo! Sasa ataingia akiwa nani? Katika dansi ile, hakuna aliyeingia akiwa yeye mwenyewe.

Lavinia akawaza. Akalitazama gauni lake la njano. Akautazama utepe mweusi kwenye nywele za Yaya.

"Yaya," akasema, "naomba uniazime utepe wako."

Yaya akaufunga utepe kiunoni mwa Lavinia. Akachomoa nyaya mbili zenye nyuki kwenye mzinga, akazichomeka kwenye nywele za Lavinia.

Tiki-tiki-tiki! Nyuki wa kitambaa wakatikisika, juu ya kichwa sasa.

Bwana Krispini akamtazama. Akatabasamu. Akavuta pumzi, akatangaza kwa sauti kubwa kuliko zote:

"Nyuki!"

Mlango ulikuwa mpana kabisa. Lavinia akapita mbio, moja kwa moja hadi kwenye alizeti.

"Karibu, nyuki wangu," alisema Babu.

Zuu, zuu, zuu! Wakacheza, mkono kwa mkono. Wakazunguka Mnara wa Taa. Wakazunguka Meli. Yaya Hesta alitazama kutoka mlangoni, akapiga makofi.

Fidla ziliponyamaza, Yaya akampeleka Lavinia kitandani. Mzinga ulikuwa pembeni, wazi. Paka wa nyumbani alikuwa ameshaingia, amelala humo kama amejengewa yeye.

"Namshukuru Babu, alinisubiri," alisema Lavinia. "Namshukuru Bwana Krispini, alinitangaza."

Kisha akashika kidole cha Yaya, kile kilichochomwa na sindano. Akakibusu.

"Asante kwa kushona, Yaya," akasema. "Na asante zaidi kwa kufumua."

Yaya Hesta akamkumbatia, akamfunika vizuri, akazima mshumaa.

Zuu... zuu... zuu...

Nyuki akalala.