Joho la Iria

Jua la kwanza la Machi likitoka, mikahawa ya uwanja wa Portagem, mjini Coimbra, Ureno, hujaa mpaka wahudumu wanapita kiubavu. Hapo ndipo Telmo, fundi cherehani, alipogeuka na kikombe mkononi akamwagia kahawa msichana aliyekuwa akipita.

"Mungu wangu! Joho langu!"

"Samahani, dada. Nipe nikalifue, duka letu liko hapo tu."

"Ulifue?" Iria alimtolea macho. "We ni mtu wa Coimbra kweli? Joho la mwanafunzi halifuliwi!"

"Najua. Mimi ndiye ninayeyashona. Nakuchokoza tu."

Iria alitaka kukasirika, akacheka. Alikuwa mfupi, suti nyeusi, shati jeupe, tai imelegea, na doa bichi la kahawa begani. Telmo akasahau kikombe chake.

Miaka minne ya kusomea sheria chuoni, juu kilimani, na huyu binti hakuujua mji wa chini kupita benki na mkahawa. Telmo naye alizaliwa huku chini na hakuwahi kuvuka lango la chuo. Sisi wa chini na wale wa juu tumezoea kutazamana kwa kidevu. Wakakubaliana: Jumapili moja chini, moja juu.

Telmo alimpitisha vichochoro ambamo shuka hudondosha maji vichwani, wakala mkate wa nyama ya mtoto wa nguruwe wamesimama. Iria naye akampandisha ngazi za Kuvunja Mgongo hadi kwenye ua wa chuo, Telmo akihema.

"Kumbe mnasomea kwenye jumba la mfalme!"

"Wengine wanasoma. Mimi nasinzia, mpenzi."

Wakabusiana chini ya mnara wa saa. Aprili, Telmo akampunguzia joho urefu, bure.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Mwanafunzi akikaribia kumaliza, ndugu humchania joho ubavu mmoja, marafiki ubavu wa pili. Katikati ya mgongo ni pa mpenzi peke yake, naye huanza kwa meno. Mapenzi yakifa, mchano hushonwa kwa uzi mweusi. Kila Juni Telmo alishona michano hiyo, wasichana wakilia mbele ya cherehani.

"Langu utaling'ata lini?" Iria alimuuliza.

"Subiri kidogo."

"Jumatatu nakwenda Bragança, kule mbali kaskazini, kuanza kazi, Telmo. Nisubiri nini?"

Telmo akatia uzi kwenye sindano. Aliogopa, basi.

Ijumaa Iria alikwenda kwenye chakula cha kuagana na wanafunzi wenzake wa sheria. Kesho yake mchana Telmo akamwona akija dukani, akasimama kusalimiana na muuza maua, mgongo umeelekea mlangoni. Joho lilikuwa na mchano katikati.

Telmo alifunga mlango kwa ndani. Simu ikaita mpaka akachoka kuisikia, akaipokea.

"Mbona umenifungia?"

"Uulize mgongo wako."

"Mgongo wangu umefanya nini? Telmo, mpenzi, sema Kireno!"

"Nilichelewa, mwenzangu akawahi. Safari njema."

Akakata. Mjomba wake Adelino, mwenye duka, alitikisa kichwa akaendelea kupiga pasi. Iria, pale nje, alipeleka mkono mgongoni, kidole kikazama kwenye tundu. Akapiga kelele barabarani bila aibu.

Jumapili maandamano ya wanafunzi yaliteremka kutoka juu, magari yamejaa maua ya karatasi, mji mzima unaimba. Telmo alijifungia akishona suruali. Mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Fungua, au navunja kioo!"

Mjomba Adelino akafungua. Iria aliingia na majoho mawili, jasho linamtoka.

"Fundi mzima we! Hili ni la Felisbela, niliyesoma naye. Ijumaa tuliyarundika kwenye kochi, yote meusi, nikabeba lake. Linaburuta chini, hukuona? Langu si ulilipunguza mwenyewe?"

"Na wewe uliyelivaa hukuona?"

"Nilikuwa na usingizi! Wewe ulikuwa na wivu." Akajitupia lile la pili. Mgongo mzima. Begani, kahawa ya Machi.

Telmo aliona haya mpaka masikio yakawaka. "Nimeshona mengi mno ya katikati, Iria. Ukifika huko ukanichoka?"

"Nikikuchoka nitakwambia kwa mdomo. Sitakwambia kwa mgongo. Basi la kurudi kila Ijumaa lipo, nitalipanda. Sasa ng'ata, au niondoke nalo hivi hivi, zima?"

Telmo alipiga magoti nyuma yake. Sufu ilikuwa imara, ikakataa. Akang'ata tena, akavuta kwa mikono miwili, ikachanika kwa sauti iliyomfanya Mjomba Adelino aweke pasi chini.

Iria aligeuka, machozi yanamtiririka. Telmo akachomoa kidonge cha uzi mweusi kwenye cherehani, akamtia kiganjani.

"Kaa nacho. Mchano huu mimi siushoni."

Iria akakitia mfukoni, akamshika mkono, wakatoka wakajiunga na maandamano. Alitembea polepole, mgongo wazi, Coimbra yote ione.