Maji ya Mteja Aliyetangulia

Mtaa mzima ulimwita Malkia wa Kucha, nalo jina likamkaa. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti viwili na beseni la bluu. Kila asubuhi alifagia, akapanga chupa za rangi dirishani. Ukiingia, unapokewa na harufu nzuri. Nani angethubutu kusema pale ni pachafu?

Lakini alikuwa na kitabia chake. Mteja wa nje alimwekea maji mapya. Ndugu wa nyumbani alisubiri mteja amalize, kisha akatumbukiza miguu kwenye maji yale yale.

"Sisi kwa sisi, makuu ya nini?" alisema.

Vyombo navyo alivifuta kwa pamba yenye dawa ya kufutia rangi. Viling'aa kweli kweli. Kwake, kung'aa ndiyo usafi.

Jumamosi moja alikuja mama yake mzazi. Mama alikuwa mshonaji, mwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Alikuwa pia na kisukari cha miaka mingi.

"Nipendezeshe, mwanangu," alisema. "Wiki ijayo nampelekea bibi harusi gauni lake. Nataka kucha nyekundu."

"Mama naye! Nyekundu, kwa umri huo?"

"Kwani nyekundu ina umri? Hebu paka!"

Wakacheka. Mteja aliyekuwa ameloweka miguu kwenye beseni akajifuta, akaondoka. Mama akaingiza miguu yake mle mle. Kisha Malkia akachukua mkasi aliomkatia mteja yule, akaanza kukata ngozi ya pembeni ya ukucha wa kidole gumba. Tone la damu likatoka.

"Pole, Mama! Umeumia?"

"Wala sijasikia. Miguu yangu siku hizi ina ganzi. Endelea tu."

Malkia akafuta damu, akaendelea. Laiti angeishia hapo! Akapaka na rangi juu, tabaka mbili.

Siku ya tano kidole kilikuwa kimevimba. Rangi nyekundu iliufunika usaha, hakuna aliyeuona. Mama alipaka mafuta, akasema kitapoa chenyewe. Kilipoanza kunuka ndipo Malkia alipomkimbiza hospitali. Walikuwa wamechelewa. Kidole kilikatwa.

Malkia alikaa kwenye benchi nje ya wodi, akalia bila kujali nani anamtazama. Muuguzi wa zamu akaketi karibu naye.

"Vyombo vyangu vya saluni ni safi, dada," Malkia alisema. "Navifuta kwa dawa ya kufutia rangi, vinang'aa!"

"Vijidudu havionekani kwa macho. Ile dawa ya kufutia rangi si ya kuulia vijidudu. Na maji ya kulowekea miguu, ulibadilisha?"

Malkia akajifuta machozi.

"Wageni nawabadilishia," alisema. "Mama yangu ndiye niliyempa maji ya mtu."

 Muuguzi akamwambia kwa upole, "Kila mtu akitoka, mwaga maji, osha beseni kwa sabuni, kisha litie dawa ya kuua vijidudu. Mkasi usugue kwa burashi na sabuni, halafu uchemshe dakika ishirini. Msasa wa kucha hauoshiki ukatakata. Ukishamtumikia mtu mmoja, tupa."

"Na damu ikitoka?"

"Acha kukata ile ngozi, na damu haitatoka. Ile ngozi ndiyo mlango, inazuia vijidudu visiingie. Mkasi wenye damu ya mtu unaweza kumwambukiza mwingine homa ya ini, hata virusi vya UKIMWI. Mwenye kisukari ndiyo kabisa, usimloweke miguu wala usimkate. Hasikii maumivu, na kidonda chake hakiponi upesi. Akipata hata mkwaruzo, aje siku hiyo hiyo."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ulimwuliza nani?"

Malkia akainamisha kichwa. Hakuwa amemwuliza mtu.

Gauni la bibi harusi lilimaliziwa na fundi mwingine. Mama alirudi kwenye cherehani baada ya miezi, akikanyaga polepole kwa mguu mmoja. Hakumlaumu binti yake hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Malkia kuliko yote.

Saluni sasa ina sufuria ya kuchemshia vyombo na mabeseni matatu. Kila anayeingia huulizwa kwanza kama ana kidonda au kisukari. Wengine hununa kwa kusubiri.

"Subirini tu," Malkia huwaambia. "Mimi niliyapuuza haya, najuta mpaka leo." Tangu hapo hakuna mteja aliyerudi na kidole kilichovimba.

Juzi Mama alipita. Akavua viatu, akauliza kama ile nyekundu bado ipo.

"Ipo, Mama. Lakini za miguuni tunaziacha bila rangi, uwe unazikagua kila siku."

Malkia akapiga magoti, akaikagua miguu ile kidole kwa kidole. Akanawa mikono kwa sabuni, akafungua chupa. Mama akanyoosha mikono mbele yake.

"Haya, paka," alisema akitabasamu. "Hizi angalau bado ziko kumi."

Malkia alijaribu kucheka, akashindwa. Akaushika mkono wa mama yake, akaanza na kidole gumba.