NAZAMA, MTANI WANGU ANAGAAGAA

Maji yamenifika kidevuni. Mguu wangu wa kulia umenaswa huko chini, siuoni, na kila nikiuvuta unakazwa zaidi...

Na pale ukingoni, rafiki yangu Nurdini anagaagaa chini! Anapiga ardhi kwa viganja, watu wamemzunguka, wanacheka mpaka wanashikana mabega!

Nikapiga kelele, "Nurdiniii! Nisaidie!"

Maji yakaniingia mdomoni. Nurdini akajitupa chini tena, kicheko kikapanda.

Nikasema moyoni, huyu mtu ameniua. Ameniua na anasherehekea.

Ngojeni niwape kisa tangu mwanzo, maana humu kuna watu wanaanza kuuliza "sasa majini ulifuata nini?" hata hawajasoma.

Naitwa Ambrosi, Mnyamwezi wa Ipuli, Tabora mjini. Nilifanya kazi Zanzibar kwenye shule ya michezo ya upepo, na nilipoacha, bosi akaniachia vifaa vya wingfoili.

Usitishwe na jina. Unashika mikononi bawa kubwa la kujazwa kwa pampu, unasimama kwenye ubao, na chini ya ubao kuna mguu mrefu wa chuma wenye vibawa. Upepo ukishika, ubao unanyanyuka, unapaa juu ya maji. Raha yake, acha kabisa!

Nilikuwa na mbao mbili. Mkubwa unaelea hata ukiukalia ukila muhogo. Mdogo sasa... ule ni kama sinia. Haubebi mtu. Ukiupanda bila upepo unazama nao. Upepo ukiwepo unakimbiza kinoma, upepo ukikata umekwisha.

Sasa Nurdini. Fundi pikipiki, jirani yangu, Mzaramo wa Kisarawe. Wanaojua wanajua: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakibeba pembe kutoka huku mpaka pwani na kupita kwao. Ndiyo maana huyu jamaa hajawahi kuniita jina langu. Kwake mimi ni "mpagazi", basi.

"We mpagazi, umeamka?"

"Nimeamka. Kwenu leo hakuna ngoma?"

Ndiyo salamu yetu ya kila asubuhi.

Babu yangu alipofariki, Nurdini aliingia kaburini akalala humo! Akalia machozi kabisa, "Mpagazi mkuu kaondoka! Nifukieni naye!" Hakutoka mpaka tulipomkomboa kwa jogoo. Mama zangu walicheka huku wanalia. Tangu siku hiyo, Ipuli nzima inakijua kilio cha Nurdini.

Nina mchumba pia, Pelagia, mtoto wa Ulyankulu. Baba yake, Mzee Nibitanga, ni mkulima wa tumbaku, asili yao Burundi. Mzee alimwambia binti yake kwamba mwanaume anayeshinda majini kama bata hawezi kutunza nyumba. Nikasema sawa, aje aone. Nikamwalika bwawani, lile la njia ya Kigwa, Jumapili baada ya misa.

Jumapili naamka... ubao mkubwa haupo! Na koti langu la kuelea lilikuwa limefungwa pamoja nao!

Simu ikaita.

"Mpagazi, mzigo wako nimeuteka. Lete jogoo."

"Nurdini, leo siyo siku ya utani! Wakwe wanakuja!"

"Ndiyo maana nimechagua leo. Na awe mwekundu."

Nikacheka kwa hasira. Ningemtafutia huyo jogoo yangeisha, lakini nilikuwa nachelewa. Nje upepo unavuma, miti inainama. Nikajisemea, ubao mdogo unatosha, tena ndio wa mafundi, mzee atanyoosha mikono.

Kiburi hicho, ndugu zangu.

Bwawani nikakuta watu wa Ipuli wamejaa, wengine nimewaona misani asubuhi hiyo hiyo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hicho ndicho chombo? Mbona kama ubao wa kukatia nyama?"

Pelagia akaminya kicheko. Mimi nikaingia majini.

Na nilipaa, jamani! Upepo ulishika bawa, ubao ukanyanyuka, nikawa napita juu ya maji kimya kabisa. Nilisikia vigelegele. Nilimwona Mzee Nibitanga amesimama, mkono kwenye paji la uso, anaangalia kweli. Roho yangu ikawa kwatu!

Nikaenda mbali zaidi. Nikafika katikati.

Halafu upepo ukakata.

Haukupungua... ulikata! Upepo wa Tabora hauna adabu. Ubao ukashuka, ukagusa maji, ukaanza kuzama na mimi nimesimama juu yake. Miguu, magoti, kiuno.

Sikuogopa bado. Najua kuogelea. Nikajitupa pembeni, nikavuta ubao... haukuja.

Ule mguu wa chuma ulikuwa umenasa kwenye nyavu za wavuvi. Na kamba inayofunga ubao na kifundo cha mguu wangu ilikuwa imejizungusha humo humo. Nikapiga mateke, nyavu zikanifunga na mimi. Nikawa kama sato!

Mngeniuliza, bawa si linaelea? Linaelea sana, ningelilalia mpaka jioni. Lakini kamba yake ilikuwa mkononi, nikaivua ili nipate mikono miwili ya kufungua mguu. Kale ka-upepo kalikokataa kunibeba mimi kakalibeba bawa. Likaenda zake taratibu, nalitazama.

Hapo ndipo nilipopaniki.

Nikizamia kufungua, pumzi inaisha kabla vidole havijapata fundo. Nikirudi juu, wavu unanivuta, uso unatoka nusu. Nikiushika ule ubao, unanipa pumzi mbili tatu, halafu unazama na mimi. Nilikuwa napigania kile kiubao kama watu wawili wanaogombea kiti kimoja.

Mbele yangu bwawa zima, anga yote ile, na mimi sina pa kwenda hata hatua moja.

Nikanyoosha mkono juu. Watu wakanipungia!

Nikanyoosha tena. Wakapunga tena, wengine kwa kanga.

Ndipo nikamwona Nurdini anashuka kwenye pikipiki yake. Nikashukuru Mungu. Huyu anajua! Nilishamweleza mwenyewe kwamba ule ubao mdogo haubebi mtu.

Akatazama majini. Akashika kichwa. Akajitupa chini.

Akaanza kugaagaa...

Na watu wakaanza kucheka.

Hasira niliyoipata siwezi kuiandika. Maji yananiingia puani, nami nawaza tu kwamba mtu huyu aliuchukua ubao wangu makusudi, akalichukua koti makusudi, na sasa ananifanyia msiba wa utani nikiwa hai. Nikamlaani. Nikaanza Salamu Maria, nikaipoteza katikati, nikaanza upya.

Mikono ikachoka. Nikawa nakwenda chini kwa muda mrefu kuliko ninaokaa juu. Nikamkumbuka mama yangu, nani atampelekea habari? Nikalia humo humo majini.

Mara nikasikia kitu kinagonga maji.

"Shika kasia! Ambrosi, shika!"

Mtumbwi! Mbele amekaa mvuvi, nyuma Pelagia na gauni lake la kanisani limelowa mpaka kiunoni, anapiga kasia kama amezaliwa ziwani. Mvuvi akatoa kisu.

"Nyavu zangu hizi," akanung'unika huku anakata. "Mpya kabisa, ona sasa."

Wakanipakia kama gunia. Nilitapika maji mpaka ukingoni.

Tulipofika, sikungoja mtu anisaidie. Nilimwendea Nurdini, nikamkaba shati.

"Ulikuwa unacheka! Nakufa, unacheka!"

Akafungua mdomo. Sauti haikutoka.

"Sema! Lete utani wako sasa!"

"Mwache!" Pelagia alinivuta kwa nguvu. "Mwangalie kwanza!"

Nikamwangalia. Alikuwa amelowa mpaka kifuani. Shati limechanika begani. Macho mekundu, viganja vinatoka damu.

"Ameingia majini mara mbili," Pelagia akasema, "na hajui kuogelea! Watu wamemtoa wakicheka. Analia kwamba unazama kweli, wanamwambia haya Mzaramo, leo unataka majogoo wangapi!"

Nikabaki nimeshika lile shati.

Hakuwa anacheka. Alikuwa anaomba. Aliomba mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyemwamini, kwa sababu ni mtani, na kilio chake wamekizoea!

"Na wewe ulijuaje?" nikamuuliza Pelagia.

"Sisi Ulyankulu hatukukulia kwenye utani wenu na Wazaramo. Mimi nilisikiliza maneno tu. Alikuwa anasema, 'Ambrosi anakufa! Ambrosi anakufa!' Nikajiuliza, huyu tangu lini anakuita jina lako? Nikakimbia kwa wavuvi."

Daah.

Nikaliachia lile shati. Nilimkumbatia yule mtu, tukaanguka wote chini, tukalia pale kama watoto, na safari hii hakucheka mtu.

Mzee Nibitanga akaja akachuchumaa karibu yetu.

"Mwanangu, hata mimi nilicheka. Nisamehe."

"Yameisha, baba."

"Kuhusu hicho chombo, sijakielewa. Lakini ukitaka kuleta posa, njoo. Na uje na huyu rafiki yako."

Kesho yake asubuhi mlango ukagongwa. Nafungua, Nurdini huyo, ubao mkubwa kichwani, koti la kuelea shingoni, sauti inakwaruza kama redio mbovu.

"Mpagazi! Jogoo wangu yuko wapi?"

Sijawahi kufurahi kutukanwa kama siku ile. Nilimpa jogoo mwekundu, na mama akaongeza tetea.

Ndugu zangu, utani ni urithi wetu na mimi siuachi. Lakini kila mwenye mtani amwachie mlango mmoja wa kusemea kweli, maana siku ya siku atauhitaji. Mimi na Nurdini mlango wetu ni jina langu, na hautumiki kwa mchezo.

Kwa hiyo ninyi mlioko Tabora, mkimsikia Nurdini ananiita mpagazi, chekeni mpaka mchoke.

Ila siku mkimsikia ananiita Ambrosi, leteni mtumbwi.