Wanja Katika Chumba Kisichotaka Vumbi

Haya alinisimulia mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, Jumapili iliyopita baada ya chakula cha mchana, yeye akiosha vyombo na mimi nikivipangusa. Alipochoka kusema, kijana aliyekuja naye alidakia kutoka sebuleni. Mimi shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo mambo ya maabara nayaandika kama nilivyoyaelewa.

Mjukuu wangu yuko chuo kikuu, anasomea kutengeneza vidude vidogo kuliko punje ya mchele. Chake ni cha kuonja tone moja la damu na kusema kama figo za mtu zimeanza kuchoka kabla mwenyewe hajajua. Babu yake alikufa kwa figo. Sisi tulijua mambo yakiwa yamekwisha.

Kazi hiyo hufanyiwa ndani ya chumba kisichotaka vumbi hata chembe. Wote huvaa ovaroli nyeupe kutoka utosini hadi unyayoni, na barakoa, na glavu. Kinachobaki nje ni macho tu. Taa zake ni za njano, maana mwanga mweupe huiharibu dawa wanayoipaka kwenye visahani vyao vyembamba, ambavyo ndivyo vinavyotoa hivyo vidude.

Basi, Jumatatu asubuhi chumba cha kubadilishia nguo huwa kama mnada wa mitumba. Watu ishirini, benchi moja. Mjukuu wangu, gauni la samawati, raba zimelika visigino, aliingia mbio akanyakua ovaroli ya kwanza aliyoiona. Sauti ikamjia kutoka nyuma ya barakoa.

"Dada, hiyo uliyovaa ni yangu."

"Umejuaje? Zote nyeupe."

"Tazama miguu. Unaburuta kama bibi harusi."

Akamtazama naye. Suruali ilimkomea kwenye ugoko.

"Basi na wewe umevaa yangu. Umekaa kama mtoto aliyerefuka likizo."

Watu wakacheka, wakabadilishana. Yule alikuwa fundi wa chumba, mlinzi wa mashine na wa mlango, mgeni wa wiki moja tu. Wanafunzi walishampa jina, Bwana Vumbi, kwa jinsi alivyolikimbiza vumbi kama anakimbiza mwizi.

Mchana, kwenye foleni ya chai, kijana mrefu mwenye shati la mistari akamsalimia kwa bashasha.

"Samahani kaka, tunafahamiana?"

Kijana akaziba pua na mdomo kwa kiganja. Yakabaki macho na nyusi nene kama brashi ya viatu.

"Na sasa?"

"Kumbe una mdomo!"

"Ninao, na unaomba kukununulia chai."

Ndivyo walivyoanza. Fundi akamwita mjukuu wangu Macho, maana ndiyo aliyoyaona siku nzima. Simu zao za jioni zilikuwa za watu waliochoka.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Sikumbuki."

"Macho, mtu hasahau kama amekula."

"Njoo usome mwaka huu wangu, utasahau hata jina."

Miezi mitano ikapita hivyo. Visahani vyake kumi na viwili vikawa vinaelekea mwisho, bado hatua moja, ya kuchomwa kwenye tanuri. Ilibaki wiki tatu awasilishe kazi. Asipowasilisha, nafasi yake chuoni imekwisha, na kidude cha figo atakimalizia nani?

Asubuhi ya tanuri alijitazama kwenye kioo. Macho mekundu kama pilipili iliyoiva. Akawaza, haya ndiyo atakayoyaona siku nzima? Uso mzima umefunikwa, macho ndiyo yote niliyo nayo mbele yake. Akapaka wanja.

Sheria imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Hakuna poda, hakuna manukato, hakuna wanja. Na mlangoni alisimama Bwana Vumbi. Aliuona. Kazi yake ilikuwa kumrudisha akanawe. Badala yake akasema, "Leo macho yamependeza kuliko mwenyewe." Mjukuu wangu akacheka, akapita.

Saa ya nne ya kusimama, jicho likamwasha. Akalisugua kwa mgongo wa glavu, kama mtu yeyote aliyechoka, kisha kwa mkono uleule akashika kibanio na kuviingiza visahani kimoja kimoja. Vilipotoka na kuwekwa kwenye darubini, vyote vilikuwa na chembe nyeusi kama vimenyunyiziwa pilipili manga. Na tanuri lenyewe likawa limeingiwa uchafu. Kazi za wengine zote zikasimama mpaka lioshwe.

Kitu kikiharibika humo, fundi huandika kwenye daftari la chumba siku hiyohiyo, na chanzo chake. Fundi akaichunguza chembe moja, akaijua. Akaandika.

Kesho yake profesa akampigia simu mjukuu wangu. "Fundi ameandika kwamba uliingia na wanja. Kadi yako ya mlango nimeifunga mpaka tanuri lioshwe. Siku kumi."

Hakungoja hata kukaa chini. Akampigia fundi.

"Umeniandika?"

"Nimeandika kilichotokea, mpenzi."

"Usiniite mpenzi! Asubuhi unayasifia, jioni unayashitaki!"

"Nisikilize kidogo, kuna kingine..."

"Nimekusikiliza miezi mitano. Imetosha."

Akakata. Simu ikaita tena mara kumi na moja, hakuigusa. Akaja kwangu na begi moja, akalala akiutazama ukuta.

Nikamuuliza, "Mke mwenzangu, ni mwanamume au ni masomo?"

"Vyote, bibi."

"Basi amka ule. Hata kimoja tu kinataka nguvu."

Siku ya kumi akaitwa akatie sahihi kwenye daftari. Sheria ni kwamba mwenye kosa asome ndipo atie. Akasoma. *Chanzo: wanja. Mwenye visahani aliingia akiwa ameupaka.* Hapo ndipo profesa alipokomea kumsomea. Lakini chini yake, kwa mwandiko uleule, kulikuwa na zaidi. *Mimi nilikuwa mlangoni. Niliuona, nilijua, sikumrudisha, kwa sababu nilitaka kumtazama. Kosa la kwanza ni langu. Naomba niadhibiwe mimi, yeye aruhusiwe kuendelea.*

Profesa alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu: *Fundi aoshe tanuri peke yake.*

Akatia sahihi, akaenda kwenye dirisha la kioo la kile chumba. Ndani, chini ya taa za njano, mtu mmoja wa ovaroli nyeupe alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea tanuri, kitambaa mkononi. Akagonga kioo. Mtu akainuka kwa shida kama mzee. Kila upande una simu ya ukutani. Wakazishika.

"Bwana Vumbi."

"Macho."

"Kwa nini hukuniambia kwamba umejiandika na wewe?"

"Nilipiga mara kumi na moja. Ya kumi na mbili nikaona haya."

"Ungeniandikia ujumbe."

"Niseme nini? Kwamba nimekuponza kwa kukutazama?"

Mjukuu wangu akausogeza uso karibu na kioo.

"Macho yako mekundu," mjukuu wangu akasema.

"Ni taa."

"Taa za humo ni za njano. Usinifanye mtoto."

"Basi ni wewe." Akavuta pumzi. "Tanuri linawashwa kesho. Una siku kumi na moja. Kwa mikono miwili haiwezekani. Kwa minne, labda."

"Na mlangoni je?"

"Mlangoni nitakurudisha hata ukipaka mafuta ya midomo."

"Uthubutu unao?"

"Sasa ninao."

Wakaanza upya na visahani vipya, maana miezi yote ile ilikuwa ya kutafuta njia, na njia sasa anaijua. Waligawana zamu, mmoja akisinzia kwenye benchi la kubadilishia nguo, mwingine amesimama. Katika visahani kumi na viwili vitatu vikatoka vizima. Profesa alitaka viwili. Ijumaa akawasilisha. Jumapili wakaja kwangu, wamekonda wote wawili.

Nilipomaliza kupangusa vyombo nikaenda sebuleni. Kijana akajiweka sawa kwenye kochi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi upande mmoja tu.

"Bibi, nimekuja na neno."

"Lilete, mwanangu."

"Ni kuhusu mjukuu wako. Mimi nataka..."

Kope zikashuka. Nikangoja. Kichwa kikaangukia bega, mdomo wazi, akakoroma.

Mjukuu wangu akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye gauni. Ilikuwa Jumapili, macho yake yalikuwa na wanja.

"Amefika wapi?"

"Amefika kwenye 'nataka'."

"Nataka nini?"

"Usingizi, naona. Angemaliza ungemjibuje?"

Akamtazama sana. "Ningemrudisha mlangoni akanawe uso kwanza," akasema. "Kisha ningesema ndiyo."

Akakaa upande wa pili wa kochi, akauvuta mto wangu, ule wa foronya nyeupe, akauwekea shavu. Nikafungua mdomo nimkumbushe wanja, nikaufunga. Kwangu vumbi linaruhusiwa. Alama nyeusi ikatokea kwenye foronya, ndefu kama kidole, na yeye alikuwa ameshalala.