Jiwe la Pipa la Mwisho

Kumfuata Mama kwenye bafu la maji ya moto la bondeni si safari. Unashuka mteremko, unampakia, unapanda mteremko. Watu wa kwetu huifanya kazi hiyo huku wanamenya chungwa. Lakini mdogo wangu Kiyomichi aliigeuza hija, kwa sababu ya gari lake.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili, limelala chini hadi ukikaa ndani unahisi umeketi kwenye sinia. Injini iko mbele. Nguvu zote zinakwenda matairi ya nyuma, na huko nyuma hakuna kitu isipokuwa kiburi cha mwenye gari. Lami kavu ikiwepo linaruka. Theluji ikianguka, na kwetu theluji huanguka tangu Novemba hadi watu wasahau rangi ya udongo, lile gari linacheza makalio kama bibi harusi mlevi.

Alirudi nalo kutoka Tokyo baada ya ndoa kuvunjika. Mke alibaki na nyumba, yeye akabaki na gari, akadhani ameshinda. Mwanamume wa miaka hamsini na moja. Kila asubuhi alilipangusa theluji kwa brashi laini, wakati paa la nyumba ya Mama linalemewa na mimi ndiye niko juu na koleo.

Jirani yetu Tadao alishamvuta mara kadhaa kwa kile kigari chake cheupe cha mizigo, kinachosukumwa na matairi yote manne.

"Kiyo," alikuwa akimwambia huku anafunga kamba, "hilo pambo lako ungeliweka sebuleni tu. Tungekuja kulitazama kwa tiketi."

"Wewe endelea na mkokoteni wako, Tadao."

"Naendelea. Ndio unaokuvuta."

Wenye magari ya namna hiyo huku kwetu wana dawa yao. Hutia viroba vya mchanga kwenye buti, nyuma ikapata uzito, matairi yakashika. Kiyomichi hakutaka mchanga. Alisema utachafua zulia la buti. Zulia!

Jioni hiyo ya kumfuata Mama nilipanda naye kwa sababu sikumwamini peke yake na Mama. Theluji ilikuwa inaanguka ya kukusudia, ile nene isiyo na upepo. Nikangoja makalio yaanze kucheza kwenye kona ya kwanza. Hayakucheza. Kona ya pili, vivyo hivyo. Gari lilishuka limetulia, limeshika barabara kama mtu mzima mwenye adabu.

"Unaona, dada?" alisema. Alikuwa anatabasamu peke yake. "Ni uzito tu."

"Umetia mchanga?"

"Nimetia kitu safi zaidi."

Sikumuuliza. Maneno ya Kiyomichi ukiyauliza yanazaa mengine.

Mama alitoka bafuni amejifunga kitambaa kichwani, uso mwekundu, mdogo kama kawaida yake. Hafiki kilo arobaini. Nikampisha kiti cha mbele, mimi nikajikunja kwenye kile kibenchi cha nyuma ambacho hakikutengenezewa binadamu. Tukaanza kupanda.

Hapo ndipo nilipoisikia ile harufu.

Pumba za mchele. Chumvi. Uchachu wa figili zilizolala pipani. Ni harufu ya nyumbani, kila nyumba ya kwetu inayo. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine... ya maziwa. Maziwa yaliyoganda kwenye nguo.

Mama naye aliisikia. Nilimwona shingo ikikakamaa.

"Kiyomichi," alisema polepole. "Umebeba nini nyuma?"

"Uzito tu, Mama. Jiwe."

"Jiwe gani?"

"La ghalani. La kukandamizia figili. Nitalirudisha theluji ikiisha."

Kwetu jiwe la figili halitolewi nje, lakini kwa kawaida ni kosa la kukufanya ule achari mbovu, basi. Vipangusio vya kioo vilikwenda, vikarudi.

"La pipa lipi?" Mama alinong'ona.

Ghalani kwetu kuna mapipa matatu. Mawili tunakula wenyewe. La mwisho, lile la chini ya kidirisha, ni la marehemu bibi, na tangu utoto tuliambiwa chumvi yake imezidi, lisiguswe.

"La mwisho," Kiyomichi akajibu. "Ndilo zito kuliko yote."

Mama alifumba macho.

"Endesha. Usisimame. Msigeuke nyuma."

Ningecheka. Kweli ningecheka, maana mimi si mtu wa kuogopa mapipa. Lakini wakati huohuo gari lilizama nyuma.

Halikuteleza. Lilizama. Taratibu, kama kitanda mtu mnene anapoketi upande mmoja. Taa za mbele, ambazo zilikuwa zinamulika barabara, zikainuka. Zikamulika mashina ya misonobari. Kisha matawi.

"Dada..." Kiyomichi alinong'ona. "Usukani umekuwa mwepesi. Matairi ya mbele hayagusi vizuri."

"Punguza mwendo."

"Usipunguze," alisema Mama.

Nyuma ya kiti changu, ndani ya buti, kitu kilinyonya. Mlio mdogo wa mate, mara moja, mara ya pili, kama anayetafuta asichokipata. Nikahisi ubaridi unapenya kwenye kitambaa cha kiti, sehemu mbili ndogo, sawa na viganja.

Kisha sauti.

"Nibebe."

Ilikuwa nyembamba, haina ukali wowote. Nimeifikiria sana sauti hiyo. Ilikuwa ya kichanga, na kichanga hajui kusema. Nani aliyemfundisha neno hilo moja, na kwa muda gani?

"Nibebe."

Gari likazama tena. Chuma kilisaga chuma mahali fulani chini yangu. Taa sasa zilikuwa zinamulika vilele vya miti na theluji inayoshuka kutoka gizani, na mbele yetu, pale barabara ilipopaswa kuwa, hatukuona kitu. Kulia kwetu lilikuwa korongo. Kiyomichi alikuwa anaendesha kwa kukumbuka.

"Nibebe."

"Simama," Mama akasema.

"Mama, nikisimama kwenye mteremko huu hatuondoki tena."

"Nimesema simama, mwanangu."

Akasimama. Mama akafungua mlango, akashuka kwenye theluji na viatu vyake vya bafuni, akaenda nyuma. Niligeuka. Nilikatazwa, na niligeuka. Kwa mwanga mwekundu wa taa za nyuma nilimwona akifungua buti mwenyewe. Hakutazama ndani. Aliligeuzia mgongo, akachuchumaa, akapeleka mikono nyuma, hivi, kama mwanamke yeyote anayempokea mtoto mgongoni.

"Haya," alisema. "Panda."

Gari liliruka juu hadi kichwa changu kikagonga paa.

Mama aliinuka. Alichukua muda mrefu kuinuka. Kisha akatupita, mikono nyuma, kichwa chini, akaanza kupanda mteremko akielekea nyumbani, na hakututazama.

Kiyomichi alikanyaga mafuta. Matairi ya nyuma yakapiga kelele, yakazunguka, yakachimba shimo. Jiwe bado lilikuwamo na halikusaidia kitu. Lile gari la mamilioni ya yeni likashindwa na mlima ambao kikongwe alikuwa anaupanda na viatu vya bafuni. Siku nyingine ningemwambia jambo hilo, na ningelirudia mwaka mzima. Tukashuka tukamfuata kwa miguu.

Nyayo zake hazikuwa ngumu kuziona. Zilikuwa zimetoboa theluji hadi kwenye lami.

Tulimkuta ameketi kwenye meza yetu ya kuotea moto, miguu chini ya blanketi lililoizunguka, mgongo mbali na ukuta ili asimbane mtu. Alikuwa anaimba bembelezi kwa sauti ya puani.

"Msilete baridi yenu hapa. Ndiyo kwanza analala."

Sikuona kitu mgongoni mwake. Koti lake tu, limevutwa chini mabegani kwa nguvu, mshono umefumuka.

"Mama," nilimuuliza, "nani huyo?"

"Mkubwa wenu."

Tukangoja. Alipapasa hewa nyuma ya bega lake, akairekebisha kama anayefunika kichwa.

"Baba yenu alikuwa Tokyo kwenye vibarua. Njia ilikuwa imefungwa. Mchele ulikuwa wa watu wawili tu." Alisema hayo kwa sauti ya kusimulia bei ya samaki. "Jiwe alilichagua bibi yenu. Mimi nilishika taa."

Hakuongeza neno, wala hajaongeza hadi leo. Kama mtoto alikuwa amekufa kabla ya jiwe au la, sijui. Niliogopa kuuliza, basi.

Kesho yake Kiyomichi alilirudisha jiwe. Pipa lilikuwa tupu, kavu, safi kama bakuli lililooshwa.

Wiki zilizofuata nilimtazama Mama akiisha. Mgongo ulipinda hadi uso ukaelekea miguu. Sakafu ililia alipopita, mikeka ikabonyea na haikurudi. Alikula kijiko kimoja, cha pili akakipitisha juu ya bega, na ule wali sikuupata kamwe mkekani nilipofagia. Daktari wa mjini, kijana mwenye nywele za mafuta, alisema ni mifupa ya uzee, anywe maziwa. Mke wa Tadao alileta plasta za kubandika kiunoni na maneno ya kunisuta kwamba sisaidii kazi. Niliwadharau wote wawili, na Kiyomichi nikamdharau kuliko wao. Kutwa alikuwa nje na gari lake. Alilifukua lilipokwama, akalileta uani, akaligeuza likaelekea barabarani, akalisafishia njia hadi chini. Mama anakufa kwa uzito mbele ya macho yetu, naye anasugua matairi.

"Muombe apumzike kidogo," aliniambia siku moja. "Sisi tumshike."

"Umshike wewe? Wewe hata mke hukumshika."

Akachukua brashi yake, akarudi kwenye gari. Nilikuwa nimezoea kumchoma na yeye kutojibu.

Asubuhi moja tulikuwa tunakula. Wali, supu ya miso, achari ya pipa la kwanza. Mama alisinzia na bakuli mkononi, kama alivyokuwa akisinzia siku hizo, pumzi moja ndefu kisha kimya kirefu mno. Kila kimya nilihesabu kuwa cha mwisho. Kiyomichi aliweka vijiti vyake chini. Akaenda nyuma ya Mama, akapiga magoti, akageuka, mgongo kwa mgongo, akapeleka mikono nyuma.

"Njoo," alinong'ona. "Njoo kwa mdogo wako. Nina gari."

Nilitaka kumwambia aache upuuzi.

Mkeka ulibonyea chini ya magoti yake. Shingo yake ikajaa mishipa. Aliinuka kidogokidogo, jasho linadondoka, na kwenye kola ya sweta lake nikaona kitambaa kinakusanyika sehemu mbili, kinakamatwa.

"Dada," alisema. "Nifungulie mlango."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nikafungua mlango, wa nyumba na wa gari. Gari lilizama nyuma alipokaa. Halikuteleza hata kidogo. Lilishuka mteremko limenyooka, likaacha mistari miwili myeusi hadi kwenye udongo, na kwenye kona ya mwisho, mchana kweupe, nikaona vilele vya misonobari vinang'aa kwa taa za gari.

Mama aliamka mgongo umenyooka. Kwa wiki nyingi sikuwa nimeuona uso wake vizuri. Alipapasa bega moja, akapapasa la pili.

"Yuko wapi?"

"Kiyomichi amemchukua, Mama. Sasa upumzike."

Alinipiga kofi. Mama hakuwahi kunipiga hata nilipokuwa mtoto.

Polisi walitafuta korongoni, hawakupata chuma wala mtu. Tadao anasema Februari, upande wa pili wa mlima, alikutana na taa zinazomulika angani. Akakipeleka kigari chake pembeni kupisha. Anasema hajaona gari linaloshika theluji namna ile, na hakulisemea mzaha wowote, jambo ambalo kwa Tadao ni dalili mbaya. Alipoulizwa dereva alikuwaje, alisema alikuwa ameinama sana juu ya usukani.

Mama sasa ana afya. Anakula bakuli mbili. Kila jioni anachukua kitambaa cha kubebea, anakwenda kusimama barabarani, na mimi namshika mkono asiteleze. Magari yakipita anayasimamisha. Anawauliza madereva kama wamemwona mtoto wake, na kama alikuwa amefunikwa kichwa, maana baridi ni kali. Wengine wanamwonea huruma. Mimi siku nyingine namchukia.

Habari za Kiyomichi hajaniuliza hata mara moja.